Mama, Kali Aje?

Jumamosi, Julai. Baridi ya kuuma masikio, manyunyu tangu alfajiri, na mimi nimekasirika.

Nilianza wiki nikikasirikia neno. Najua ni ujinga mtu mzima kukasirikia neno, lakini blogu ni yangu na hasira ni zangu, kwa hivyo mnivumilie au mpite.

Neno lenyewe ni kali. Sio kali ya mbwa wala ya jua la saa saba. Ni ile ya pua na ulimi: petroli, kitunguu kikikatwa, siki, dawa ya kuoshea choo, pilipili ikikaangwa mpaka jirani anakohoa. Kuna mhariri anayetayarisha kitabu cha msamiati cha watoto wa shule, na aliniomba kurasa mbili tu, maana ya neno hili na asili yake. Nikamwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Hii ni wiki ya tatu, na rasimu imerudi mara mbili. Ya kwanza alisema imekauka. Ya pili aliandika pembeni, kwa herufi nyekundu: "Mtoto akisoma hapa ataonja nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba mtoto aonje kidole chake.

Asili nilishaandika. Wataalamu wanasema ni mzizi wa zamani sana wa Kibantu, ulikuwepo kabla mtu yeyote hajafikiria kuuandika, na hata Zambia na Malawi wanao. Kwetu Bungoma kitu kichungu tunakiita kwa neno lingine kabisa. Mama Achieng', jirani wa mama yangu, ananiambia kwao, kwa Wajaluo, kichungu ni makech na kichachu ni mawach, na anashangaa kwa nini mtu alipwe kuuliza mambo ambayo kila mtoto anayajua.

Maana ndiyo iliyonishinda. Pilipili inawasha. Maziwa ya mgando yana uchachu. Ndizi mbichi ina ukakasi, ule mkwaruzo unaobaki mdomoni. Tumbaku inakereketa koo. Kila kimoja kina neno lake, lakini ukimsimamisha mtu yeyote hapa Eastlands umuulize, vyote atakwambia ni kali, halafu ataendelea na safari yake. Nikaona nitafute kitu kimoja ambacho ni kali tu, kisichoingia kwenye kapu la kuwasha, uchachu wala ukakasi, nianzie hapo.

Nikakumbuka munyu wa Mama.

Kwa asiyejua, huu sio chumvi ya dukani. Unachoma maganda makavu ya maharagwe mpaka yawe jivu. Jivu unalitia kwenye mkebe uliotobolewa matundu chini, unamwagia maji juu, halafu unasubiri. Kinachodondoka, tone baada ya tone, ni maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Nyumbani tunauita musherekha. Ukiutia kidogo kwenye mrenda au kunde, mboga inalainika na uchungu unatulia. Ukiuzidisha, unachoma ulimi na kuacha ladha ya sabuni. Matone ya kwanza ndiyo makali zaidi, na lazima yazimuliwe kwa maji. Maji kiasi gani? Hakuna kikombe cha kupimia. Anayepika anaonja, basi.

Na ulimi wa Mama ulikuwa unajulikana Kaloleni nzima. Tangu Baba akiwa hai, akifanya kazi reli, wanawake walikuwa wanakuja mlangoni kwetu na vikombe kuomba munyu, Waluhya kwa Wajaluo. Nimekua nikimtazama. Anachovya kidole, anakigusisha kwenye ncha ya ulimi, anafumba jicho moja, anakunja mdomo upande wa kushoto, halafu anatoa hukumu. "Bado." Au, "Umekubali." Hajawahi kukosea. Sherehe ya kanisa bila mboga za Mama Nafula haikuwa sherehe. Nafula ni mimi.

Basi Jumatano nikatoka kwangu Kayole nikaenda kwake na daftari.

Nilimkuta uani akichambua kunde. Nikamwambia nataka anieleze munyu ukigusa ulimi anasikia nini hasa.

"Ni kali," akasema.

Nikamuuliza kali ya namna gani. Inaanzia wapi, mbele au pembeni? Inachoma au inavuta? Inakaa au inaondoka?

"Kali ni kali, Nafula. Sasa unataka nikuchoree?"

Nikasisitiza. Nilikuwa na rasimu iliyorudishwa mara mbili na sikuwa na subira. Nikamwambia aonje sasa hivi, polepole, anieleze. Akaweka ungo chini kwa nguvu akaniambia niende nikaulize vitabu vyangu, kwa sababu yeye ana kazi, kesho anapikia kanisa. Hakuwahi kunijibu hivyo tangu nimalize shule. Nikaondoka nimenuna, na kwenye daftari nikaandika maneno ambayo leo yananiaibisha. Niliandika kwamba Mama ni mvivu wa maneno, kwamba watu wa rika lake wanajua vitu vingi ila hawataki kujisumbua kuvieleza.

Niliandika hivyo. Daftari liko hapa mbele yangu.

Alhamisi akina mama wa kanisa walikutana kwenye ukumbi wa mtaa kumuaga mwenzao anayerudi Kakamega baada ya mumewe kustaafu. Mama alipika sufuria mbili kubwa za kunde na mrenda. Nilienda, kwa sababu hasira zangu hazijawahi kunizuia kula.

Tonge la kwanza lilinichoma.

Sio kuchoma kwa moto. Ulimi ulishtuka, pembeni za mdomo zikakaza, halafu ikaja sabuni. Nikainua macho kuona kama ni mimi peke yangu. Watu walikuwa wanamega ugali mkubwa na kuchovya mboga kidogo sana, na jagi la maji lilikuwa linazunguka haraka kuliko kawaida. Mama Achieng' akakohoa, akanywa maji, akasema kwa sauti, "Mama Nafula, leo mboga imekolea." Wengine wakaitikia. Mama akatabasamu, akaongezea mtu sahani.

Watu wetu ndivyo walivyo. Mama wa umri ule akikuandalia chakula, humwambii kimeharibika. Unasifu, unakunywa maji, unashukuru. Nami nilisifu, kwa sauti kuliko wote.

Baadaye nilipotoka kwenda kumwaga maji ya kuoshea vyombo, nikaona kwenye mtaro nyuma ya ukumbi kunde za mama yangu zimemwagwa. Nyingi. Aliyezimwaga alikuwa amezifunika na majani ya kabeji ili mwenye kupika akipita asizione. Nilisimama pale na karai mkononi, sijui nimkasirikie nani.

Jioni nikampigia Naliaka, mdogo wangu anayeishi Umoja.

"Kwani ndio umejua leo?" akasema. "Hata Sunday ya mwezi jana ilinichoma, nikanyamaza. Mathe amezeeka, wachana na yeye. Ukimshow atanuna wiki mzima."

"Na tukinyamaza?"

"Si tunakula tu. Ni mathe."

Nikakubaliana naye. Nikajiambia kwamba kosa ni langu, nilimchanganya Jumatano kwa maswali, akasahau kuzimua. Na Mama mwenyewe aliponipigia kuuliza chakula kilikuwaje, nikamwambia kilikuwa kitamu sana. Nilisema "sana" mara mbili.

Sasa leo.

Nilienda asubuhi kuomba msamaha kwa ajili ya Jumatano, bila kutaja Alhamisi. Mama alikuwa jikoni, amejifunga leso mbili kwa baridi, mkebe wa jivu umewekwa juu ya bakuli kwenye kigoda, unadondoka. Alinisalimia vizuri. Mama hanuni wiki nzima, hilo Naliaka analijua, alikuwa anatafuta kisingizio tu, kama mimi. Akanipa strungi, chai isiyo na maziwa, na sukari vijiko viwili, kwenye kikombe cha bati chenye maua ya bluu. Vikombe hivyo viko vinne kwake, tangu enzi za Baba.

Nilikunywa nusu, nikakiweka kigodani, nikaenda dirishani kuona kama manyunyu yamekatika. Nilipogeuka, Mama alikuwa amechota munyu kutoka bakulini, ameutia kwenye kikombe kingine cha maua ya bluu, anakiweka kando ya changu. Halafu akageuka kutafuta maji ya kuzimulia. Aliporudi, akachovya kidole.

Akakigusisha kwenye ncha ya ulimi. Akafumba jicho moja. Akakunja mdomo upande wa kushoto.

"Hii bado ni kali," akasema. "Inataka maji kidogo."

Alikuwa amechovya kwenye chai yangu.

Kicheko kilinifika kooni. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtania. Lakini akachovya tena, akaonja tena, akasubiri kidogo kama anayesikiliza, akatikisa kichwa, akaanza kumimina maji kwenye chai yenye sukari vijiko viwili. Kicheko kikaisha.

"Mama," nikasema. "Hiyo ni chai."

Hakugeuka. Aliweka jagi chini, akafuta kidole kwenye leso, polepole, kidole kimoja kwa muda mrefu. Nje kulikuwa na mtu anapita akiuza mayai. Tulimsubiri apite.

"Tangu ile homa ya Pasaka," akasema. "Pua ilifunga. Nikasema itafunguka. Ikafunguka, lakini harufu haikurudi. Halafu na mdomo nao. Nikila ugali ni kama nakula karatasi. Sisikii mafuta ya taa. Sisikii kitunguu. Sisikii kitu."

Tangu Pasaka. Nikaanza kuhesabu vitu kichwani. Mwezi wa tano aliacha maziwa yakaungua mpaka sufuria ikaharibika, akiwa ameketi hatua tatu kutoka jikoni, na mimi nikamgombeza kwamba anasahau sana siku hizi. Nilimwambia Naliaka kwamba kichwa cha Mama kinaanza kuchoka. Kichwa chake hakina tatizo lolote. Hakusikia harufu, basi.

Nikamuuliza munyu alikuwa anaupimaje miezi yote hii. Akasugua kidole gumba na cha shahada.

"Kwa utelezi. Ukiwa mkali unateleza kama sabuni. Lakini kwa baridi hii vidole vimekufa ganzi." Akavuta leso vizuri mabegani. "Na wewe Jumatano unakuja na daftari, unaniuliza nasikia nini."

Nikakumbuka nilichoandika kwenye daftari: mvivu wa maneno.

"Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie mniweke kwa Naliaka, nikae kwenye kiti nitazame televisheni? Hawa wanawake wananijua kwa nini, Nafula? Siimbi. Sijui kusoma masomo kanisani. Wananijua kwa mboga." Alivuta kigoda kingine akaketi, na alipoketi nikaona amezeeka kweli, lakini kwa sababu ya uchovu wa kuficha. "Hawaleti tena vikombe. Umeona? Mwezi mzima hakuna aliyekuja kuomba munyu."

Nilikuwa nimeona. Nilidhani watu wamehamia magadi ya dukani.

Halafu akaniuliza lile nililokuwa naliogopa.

"Alhamisi mboga ilikuwaje? Usinidanganye kama kwa simu."

Kwa hivyo alijua pia kwamba nilidanganya. Nadhani ni ile "sana" ya pili.

"Ilikuwa kali, Mama."

Alinitazama.

"Kali aje?"

Hakuwa ananikejeli. Mama hana kejeli za namna hiyo. Alitaka kujua. Alikuwa amepika sufuria mbili kwa mikono yake na alikuwa mtu pekee pale ukumbini ambaye hakujua zilikuwa na ladha gani. Na mimi, mwenye rasimu mbili na kamusi nne, nilitaka kumwambia kali ni kali.

Nikajaribu. Nikamuuliza kama anakumbuka ile betri ndogo ya mraba ya redio ya Baba, yenye vichwa viwili, ambayo tulikuwa tunailamba tukiwa watoto kuona kama bado ina moto, na Baba anatufukuza na mkanda. Akasema anaikumbuka, hata yeye aliwahi kuilamba, Baba akiwa kazini. Nikamwambia ilianza hivyo, kwenye ncha, mshtuko kidogo kama wa betri. Halafu ikakimbilia pembeni za ulimi, na mashavu yakavutwa ndani. Halafu puani ikapanda kitu kama jivu lililomwagiwa maji. Mwisho ikaja sabuni ya kipande, ikakaa kooni, na maji hayakuiondoa.

Alikuwa amefumba jicho moja. Mdomo ulianza kukunjika upande wa kushoto, wenyewe.

"Hayo ni matone ya kwanza," akasema. "Sikuyazimua kabisa."

"Ndiyo."

"Walimaliza sahani?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepokea habari za msiba wa mbali. Yale majani ya kabeji sikumwambia. Nimejaribu leo kusema ukweli wote, lakini hapo nilishindwa, na sioni kama nitawahi kuweza.

Tulifanya kazi mpaka saa nane. Yeye anamimina, mimi naonja. Mara ya kwanza nikasema, "Betri mpya." Akaongeza maji. "Betri bado, ila sabuni imepungua." Akaongeza. "Inashtua kidogo halafu inaondoka." Akanizuia mkono, akauliza inaondokea mbele au nyuma. Nikaonja tena ili nijue. Mbele. Akaongeza maji kidogo tu, kama kifuniko cha chupa. Nikaonja, na ile ladha ilikuwa ndiyo yenyewe, ya utotoni, ile ya kurudi kutoka shuleni na kukuta mrenda mezani.

"Umekubali," nikasema.

"Mimi ndiye nasema umekubali," akaniambia. Akasubiri kidogo. "Umekubali."

Tukapika kunde, tukala wawili, dirisha limefungwa kwa baridi. Alitafuna polepole, macho yake kwenye uso wangu, na kila baada ya matonge machache aliuliza ikoje, nami nikamweleza. Nilieleza vibaya mara nyingi. Alinisahihisha, yeye asiyesikia kitu, kwa sababu anakumbuka vizuri kuliko ninavyoonja. Alimaliza sahani yote.

Nimerudi Kayole kabla giza halijaingia, na hasira bado ninazo. Nawakasirikia wanawake wa kanisa kwa adabu yao, ingawa walichofanya ndicho nilichofanya. Namkasirikia Naliaka, na nimempigia nikamwambia hivyo, akalia, nikamkasirikia kwa kulia. Mhariri atapata kurasa zake Jumanne, na kwenye maana nitaandika betri ya redio, apende asipende. Asili itabaki mistari mitatu.

Jumatatu nampeleka Mama kliniki. Amesema "tutaona", na mimi nimemwambia nitakuja saa mbili asubuhi na koti lake. Labda watasema itarudi. Labda watasema tumechelewa, ingekuwa afadhali kuja Aprili.

Na hapo kwenye Aprili ndipo nimekwama, na ndiyo sababu naandika badala ya kupika. Tangu Pasaka nimekula kwa mama yangu karibu kila Jumapili. Kila Jumapili aliniuliza, "Ni tamu?" na kila Jumapili nilijibu. Mbona sikuwahi, hata siku moja, kumuuliza na yeye?